Kipanya Kinachokata na Kurudi: Jinsi Nilivyofika Kwenye Chanzo

Kifaa kikifa kabisa, unakibadilisha na yamekwisha. Kinachochosha ni kile kinachokata na kurudi chenyewe. Kipanya changu kisicho na waya kilikuwa hivyo: kinafanya kazi vizuri muda mrefu, halafu mshale unaanza kurukaruka kwenye skrini, unaganda, kisha unaendelea kama kawaida. Kibodi nacho kikawa kinameza herufi. Naandika "kesho", inatokea "keho".

Nilianza na betri kwa kuwa ndizo rahisi kubadilisha. Hakukuwa na tofauti. Wengi wakanishauri nifute kila kitu na kuweka Windows upya, nikakataa. Ukifanya hivyo unakuwa umebadilisha mambo chungu nzima kwa mpigo: tatizo likiondoka hujui lilikuwa nini, likirudi huna pa kuanzia. Niliweka karatasi kando ya kibodi, na kila mara kikikata naandika saa, vifaa vilivyochomekwa, na nilichokuwa nikifanya.

Karatasi hiyo ndiyo iliyonifungua macho. Mara nyingi vilikata wakati nanakili faili kwenda diski ya nje. Mara chache vilikata nikirudi baada ya kuiacha kompyuta bila kuigusa. Kumbe yalikuwa magonjwa mawili yenye dalili moja, na ndiyo maana hakuna dawa moja iliyokuwa ikitosha.

La kwanza lilinishangaza. Kipokezi, kile kidude kidogo cha USB kinachokuja na kipanya, kilikuwa kwenye tundu linalopakana na la diski, na diski yenyewe ni ya USB 3.0. Data inapopita kwa kasi kwenye USB 3.0, hutoka kelele za redio zinazoangukia masafa ya gigahezi 2.4, yale yale yanayotumiwa na vipanya na vibodi vingi visivyo na waya. Si uvumi, Intel yenyewe, kampuni inayotengeneza vichakataji vya kompyuta, ilitoa waraka kuhusu jambo hili mwaka 2012. Nilitaka kuliona kwa macho yangu. Diski ikiwa imechomekwa bila kufanya kazi, mshale ulitulia. Nikaanza kunakili faili kubwa ya video, mshale ukaanza kuyumba. Nikasimamisha, ukatulia tena. Nilirudia mpaka nikaridhika kwamba si bahati, kisha nikatafuta kebo fupi ya kurefushia USB na kukileta kipokezi juu ya meza, mbele ya kibodi. Umbali wa mkono mmoja ulitosha.

Ugonjwa wa pili ulikuwa wa umeme. Windows huweza kulaza tundu la USB lisilotumika ili kuokoa umeme, na vifaa vingine haviamki vizuri vikishalazwa. Niliingia kwenye mipangilio ya umeme, sehemu ya USB, nikazima ulazaji huo. Halafu kwenye orodha ya vifaa vya kompyuta nikafungua ukurasa wa umeme wa kila habu ya USB, yaani kigawanyio cha matundu, na kuondoa tiki inayoiruhusu kompyuta kukizima kifaa. Kwa anayetegemea betri ya laptopu, ajue kwamba betri itaisha haraka kidogo.

Kama vifaa vyako vinapitia habu isiyo na chaja yake, piga hesabu kwanza. Tundu la USB 2.0 hutoa umeme wa hadi miliampea 500, la USB 3.0 miliampea 900, na vyote vilivyo kwenye habu hugawana hizo hizo. Diski ya nje ikianza kuzunguka, jirani zake wanaweza kukosa. Yangu niliichomeka moja kwa moja kwenye kompyuta.

Ikabaki printa, iliyokuwa ikipotea katikati ya kazi. Kwa kuwa ina kebo, sikuhangaika na mipangilio. Niliiwasha, nikashika kebo na kuanza kuikunja taratibu kutoka mwisho mmoja, sikio likiwa kwenye kompyuta. Nilipofika karibu na kichwa kinachoingia kwenye printa, ikalia mlio wa kifaa kuchomolewa. Nikakunja upande wa pili, ukaja mlio wa kuchomekwa. Nyuzi zilikuwa zimekatika ndani, ganda la nje zima kabisa. Niliweka kebo nyingine, na ile mbovu nikaikata vipande viwili kabla ya kuitupa, ili mtu asije akaiokota akidhani ni nzima.