Nilivyojifunza kuhoji, baada ya muuza sambaza kuniumbua

Nilipokuwa mwaka wa pili wa masomo ya uandishi wa habari hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo, mtangazaji mmoja mkongwe alinipa ushauri ambao hadi leo hunikera nikiusikia ukitolewa kwa wanafunzi wengine: andika maswali ishirini usiku, yape namba, na ukifika kwa mtu usitoke nje ya karatasi. Nilimwamini kwa sababu sauti yake redioni ni nzito, na kwa sababu mimi mwenyewe nilikuwa mwoga.

Kazi yangu ya kwanza ilikuwa habari ya dakika mbili kuhusu bei ya sambaza, wale samaki wadogo wa Ziwa Kivu, ambayo wiki ile ilikuwa imepanda katika soko la Kadutu. Nilimkuta mama mmoja ameketi nyuma ya beseni, akipima samaki kwa kopo huku akifukuza inzi kwa kipande cha katoni. Nikamsogezea simu mdomoni kabla hata salamu haijaisha, nikasoma swali la kwanza, ambalo nilikuwa nikijivunia tangu usiku: je, alifahamu kwamba sambaza si samaki wa asili wa Ziwa Kivu, bali waliletwa kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950?

"Nilikuwa sijazaliwa," akajibu.

Swali la pili liliuliza ni changamoto zipi anazokabiliana nazo katika sekta ya uvuvi. Mama akaacha kupima. "Changamoto njo nini, mutoto yangu?" Muuza ndizi wa jirani akamtafsiria kwamba nilitaka kujua kama anateseka. "Aa! Sana," akasema, na soko zima likacheka. Maswali yaliyofuata yalipata "ndiyo" mbili na "hapana" moja. Katikati ya jibu hilo la mwisho, akiwa tayari amechoka nami, akaongeza: "Na mwezi ikiwa mukubwa, bavuvi habaendake mu ziwa." Nikamwambia asante mama, nikaingia swali la sita, lililohusu mchango wa serikali.

Mwalimu wetu aliposoma habari yangu aliniuliza jambo moja tu: kwa nini bei imepanda? Nilikuwa nimeandika "kutokana na hali ngumu ya maisha". Akaniomba nicheze sauti ile mbele ya darasa, na ilipofika kwenye mwezi akanyosha mkono niisimamishe. Sambaza huvuliwa usiku, na mitumbwi mitatu iliyounganishwa kwa miti, ambayo taa zake huwavuta samaki juu ya wavu. Mwezi ukiwa mpevu, mwanga wake huzishinda taa, samaki hutawanyika, na wavuvi wengi hukaa nyumbani siku kadhaa. Mama yangu mzazi analijua hilo. Hata mimi nilikuwa nalijua, kama ningeulizwa jikoni. Jibu la habari nzima nilikuwa nalo mfukoni, nikalipita ili kumwahi mtu ambaye hakuwepo, yaani serikali.

Nilirudi Kadutu bila karatasi. Nilinunua sambaza za franka elfu chache, ambazo kusema kweli ziliniuma, nikaazima kigoda, nikamwuliza mama yule: "Jana, tangu uamke, ulifanya nini?" Alipomaliza kunijibu sikusema neno, nilihesabu moyoni hadi tano. Watu hawawezi kuvumilia kimya, nao hukijaza wenyewe. Nilipofika nne alianza kunieleza jinsi anavyochukua samaki kwa mkopo alfajiri ufukweni na kulipa jioni, na jinsi deni la siku za mwezi linavyomfuata mpaka giza lirudi. Mbinu hiyo ya kunyamaza haikumo katika daftari langu lolote la darasani.

Habari ninayojivunia zaidi, hata hivyo, ni ya moto. Nyumba za mbao ziliteketea huko huko Kadutu, na shefu wa avenyi, yaani kiongozi wa mtaa, akanipa hesabu ya nyumba 12, jirani akasema zaidi ya 30, na vijana wakaapa kwamba ni 50. Wenzangu wawili waliandika 50 wakaenda zao. Mimi nilimwuliza kila mmoja anahesabu nini. Shefu alikuwa akihesabu viwanja, na jirani familia, kwa kuwa kiwanja kimoja hupangishwa kwa familia kadhaa. Vijana walikuwa wakihesabu waliyosikia. Lakini nitazijuaje familia wakati kuta zimekuwa majivu? Nikaona mbabula, yaani majiko ya mkaa. Kila familia hupikia mbabula yake, na ya chuma haiungui. Nikazihesabu kwenye majivu moja moja, zikawa 31, kisha bibi mmoja aliyekuwa akiongozana nami kwa fimbo akaniambia ni familia zipi tatu zilizokimbia na mbabula zao. Habari yangu ikasema viwanja 12, familia 34, na hakuna aliyekuja kuilalamikia hesabu hiyo.

Aliyelalamika alikuja juu ya jina lake. Majina ya Kishi, lugha ya Washi wa huku kwetu, yana "rh", kama Murhula, na mimi nilikuwa nimeandika "Murula". Tangu siku hiyo daftari na kalamu nampa mwenye jina aandike mwenyewe. Kuhusu bahasha ya pesa anayopewa mwandishi na wale anaowaandika, ambayo hapa Kongo tunaiita coupage, niliipokea mara moja, pesa ya kutosha usafiri na soda, na habari niliyoandika jioni ile ingefaa kuimbwa harusini. Sijaipokea tena.

Mama wa sambaza amenisamehe, kwa kiasi chake. Nikipita sokoni huniita kwa sauti, mbele ya wateja wote, "Changamoto!", na kopo langu hulijaza mpaka ukingoni, halafu hurudisha mbili kwenye beseni.