Mimi, Mzee na mama mwenye nyumba

Mimi ni mtu wa Arua, ila hapa Nansana, karibu na Kampala, nimepanga muzigo: chumba kimoja na kibaraza. Ninaishi na Mzee, kobe niliyeachiwa na jirani aliyehama. Kibali tulikishughulikia kwanza, maana Sheria ya Wanyamapori ya 2019 haikuachii uokote kobe ukafuge tu.

Mkataba wangu unakataza mbwa. Kobe hakutajwa. Mama mwenye nyumba alipomwona alisimama mlangoni, hakuingia. "Mwanangu, hiyo enfudu si itachimba msingi wangu?" Nikamwambia, "Hapana, mama, anachimba udongo tu." Jibu la kijinga, najua.

Shida yenyewe ilikuwa jua. Wiki nzima nilimweka dirishani nikidhani anaota jua. Kumbe kioo kinazuia miale ile inayomsaidia kutengeneza vitamini D, na bila hiyo gamba linaweza kulainika hata ukimlisha vizuri. Sasa kila asubuhi namtoa kwa beseni mpaka chini ya kamba ya nguo. Anatulia kwanza, kichwa ndani. Halafu shingo inatoka polepole, imekunjamana kama soksi kuukuu, na miguu ya nyuma inanyooka kabisa. Watoto wa uani humletea maua ya haibiskasi, wanagombania nani amlishe.

Juzi alikula dodo, yaani mchicha, ya mama mwenye nyumba, mstari mzima. Nikalipa elfu tano, nikaanza kuwaza nyumba nyingine. Jioni mama akaja na majani ya boga kwenye sahani, akaiweka kizingitini, akaondoka bila neno.