Mchunguzi Mkuu: nilivyosoma EdD nikiwa makamu mkuu wa shule

Fomu ya ridhaa ya utafiti wangu ilirudi kutoka kampuni ya tafsiri ikiwa na jina langu kamili, na chini yake cheo: Mchunguzi Mkuu. Ndivyo walivyotafsiri "Principal Investigator", yaani mtafiti mkuu. Nilicheka peke yangu ofisini mpaka karani akachungulia mlangoni. Halafu kicheko kikanikauka. Fomu ile ilikuwa inakwenda kwa akina mama wakimbizi wa Fizi na Uvira, mashariki mwa Kongo, waliokaa makambini miaka kumi na tano, ishirini. Mtu wa namna hiyo ukimwambia mchunguzi anakuja, hawazi chuo kikuu.

Mimi ni mtu wa Ujiji. Nilifundisha Kasulu miaka minne kabla ya kumfuata mume wangu Marekani, na leo ni makamu mkuu wa shule ya sekondari katika jimbo la Ohio. Nilianza masomo ya udaktari wa uongozi wa elimu Agosti 2021, nikavaa joho Mei 2025, na katikati hapo sikuacha kazi hata wiki moja. Watu huniuliza muda niliutoa wapi. Kusema kweli sikuwa na muda. Nilichagua tatizo ambalo lingelala mezani kwangu hata kama nisingesoma, kwa hiyo saa nyingi za utafiti zilikuwa saa za kazi. Ila ukaribu huohuo ndio ulionitoa jasho kuliko kitu kingine, nami nitaueleza.

Kwanza shahada yenyewe, kwa asiyeijua. EdD ni udaktari wa elimu kwa watu walio kazini. Ilianzia Harvard miaka ya 1920, na kwa muda mrefu ilionekana kama PhD iliyochakachuliwa. Mwaka 2007 vyuo kadhaa vya Marekani vilikutana katika mradi wa Carnegie ili viipe sura yake: mwanafunzi achukue tatizo halisi la mahali anapofanyia kazi, ajaribu kulipunguza kwa hatua ndogondogo, apime, aandike. Ukitaka kwenda kufundisha chuo kikuu, PhD bado ndiyo njia iliyonyooka. Mimi sikutaka kuondoka shuleni.

Tatizo langu lilikuwa utoro. Walimu wa Tanzania tunaujua kwa majina mawili, utoro sugu na utoro wa rejareja, ule wa siku mojamoja. Huku mwanafunzi anahesabiwa mtoro sugu akikosa asilimia 10 ya siku za masomo, hata kama ana ruhusa. Kwa mwaka wa siku 180 hizo ni siku 18. Baada ya korona hesabu hiyo ilipanda nchi nzima, kutoka kama asilimia 15 mwaka wa masomo 2018–19 hadi karibu asilimia 28 mwaka 2021–22. Shuleni kwetu nilipochambua orodha nikaona wanafunzi 31 wanaotoka nyumba zinazosema Kiswahili, karibu wote Wakongo. Wengine walizaliwa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Kasulu hiyohiyo niliyofundisha. Mwaka 1996 nilikuwa darasa la tano, na niliyaona maboti ya wazazi wao yakishusha watu Kigoma. Sasa watoto wao wako kwenye skrini yangu, wamewekewa alama nyekundu.

Ada ilikuwa dola 540 kwa krediti, kipimo cha masomo ya chuo, na krediti zilikuwa 60. Piga hesabu mwenyewe. Mwajiri alinirudishia dola 2,000 kila mwaka. Nilipokuwa nasoma, sheria ya kodi iliruhusu mwajiri arudishe hadi dola 5,250 kwa mwaka bila mfanyakazi kukatwa kodi, lakini kuruhusiwa si kulazimishwa. Zilizobaki ni mkopo na lori. Mume wangu ni dereva wa masafa marefu, na kila nilipolalamika kwamba nimekesha alinijibu, "Mimi nami nakesha, ila mwenzio nalipwa kwa maili."

Tulianza darasa tukiwa kumi na wanne, tukakutana Jumamosi moja ikipita moja, asubuhi hadi jioni, na wiki mbili mfululizo kila Julai. Tuliomaliza pamoja ni tisa. Wengi wa walioacha waliachia palepale, masomo ya darasani yamekwisha, ratiba ya Jumamosi haipo tena, na umebaki wewe na tasnifu yako mnatazamana.

Mimi niliokolewa na mashine ya kukaushia nguo kuharibika. Nilikuwa nimejaribu kuandika alfajiri kabla ya kazi, nikawa nalala juu ya kompyuta. Nikajaribu usiku, nikawa naandika sentensi ambazo asubuhi sizielewi. Mashine ilipokufa, nikaanza kwenda kila Jumapili kwenye duka la kufulia, yale ya kutumbukiza sarafu. Kufua na kukausha ni kama saa mbili. Huwezi kuondoka ukaacha nguo, na watoto hawapo wa kukuita. Kuna televisheni moja juu ukutani, haina sauti. Sura ya kwanza na ya pili zote zimeandikwa pale, kwenye meza ya kukunjia nguo. Mume wangu alipoitengeneza ile mashine nikamwomba asiwaambie watoto kwamba imepona.

Kulikuwa na gharama nyingine ambazo hazimo kwenye fomu ya ada. Kundi la WhatsApp la ukoo lina kikao cha harusi mwaka mzima, na mtu wa Marekani anatarajiwa atoe mchango mnono na awepo kwenye simu. Nilitoa mchango, simu sikupokea. Kuna shangazi hajanisamehe mpaka leo.

Sasa nirudi kwenye ule ukaribu ulionitoa jasho. Aliyeuona kwanza ni kamati ya chuo ya maadili ya utafiti. Nilipeleka andiko langu la kuwahoji wazazi Oktoba 2023 nikidhani watataka koma na nukta. Likarudi na swali moja: mzazi atakukatalia vipi, wakati wewe ndiye unayeweza kumsimamisha mtoto wake shule? Niliudhika. Mimi, mtoto wa Kigoma, ninayezungumza nao lugha yao, ninayekula nao ugali na sombe, yaani kisamvu, kanisani, nitamtisha nani? Msimamizi wangu, mzee mtaratibu ambaye aliwahi kuwa mkuu wa shule miaka mingi, aliniachia nikamaliza kulalamika, kisha akaniuliza ni mzazi gani Mkongo aliyewahi kuniambia hapana kwa jambo lolote. Nilifikiri. Hakuna hata mmoja. Nilikuwa nimejihesabia hiyo kuwa ni kupendwa.

Ufumbuzi ulitoka kwenye jambo la kiofisi kabisa. Sisi makamu tunagawana wanafunzi kwa herufi ya kwanza ya jina la ukoo. Mimi nashika A hadi K, mwenzangu L hadi Z. Tukakubaliana na kamati kwamba nitazungumza na wazazi wa upande wa mwenzangu tu, ambao adhabu za watoto wao hazipiti mikononi mwangu, na anayewaalika awe mkalimani wa kituo cha wakimbizi asiye chini yangu. Anayekataa, mimi nisijue. Bahati ikanikuta: majina mengi ya Kikongo yanaanza na M na N. Balaa nalo likanikuta, kwa sababu watoto wa tumbo moja huko hawalazimiki kuwa na jina moja la ukoo. Kaka ni wa kwangu, dada ni wa mwenzangu. Nyumba tano nilizozitamani sana ziliniponyoka hivyo.

Ndipo tukafika kwenye fomu ya ridhaa na ule uchunguzi mkuu wangu. Nikaifuta tafsiri ya kampuni, nikaandika yangu kwa Kiswahili sanifu, nikajiona nimemaliza kazi. Yule mkalimani akaisoma kwa mama mmoja wa Fizi ili tuijaribu. Mama akasikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Hii ni Kiswahili ya ku redio." Alikuwa hana ugomvi nayo, ila haikumgusa. "Utafiti" kwake lilikuwa neno la taarifa ya habari. Neno lililomgusa, tena vibaya, ni "intavyu", ambalo niliona litaeleweka haraka. Kambini intavyu ni moja: ile ya kuhamishiwa nchi ya tatu, unayoulizwa jina la bibi yako na tarehe ya kukimbia, na miezi mingi baadaye unaulizwa tena ili waone kama majibu yanalingana. Alitaka kujua iwapo jina lake limeonekana lina kasoro.

Tukaondoa intavyu, tukaweka mazungumzo. Tukaondoa utafiti, tukaandika "ninajifunza kwa nini watoto wanakosa masomo", kwa sababu kwa Wakongo masomo ndiyo shule yenyewe. Kamati ikataka mtu mwingine airudishe kwenye Kiingereza kuhakikisha maana haijapotea. Fomu moja ya kurasa mbili ilinichukua wiki kumi na moja. Wenzangu waliokuwa wanahoji walimu kwa Kiingereza walikuwa wameshafika sura ya nne.

Nilizungumza na akina mama kumi na wawili. Kabla ya hapo, darasani tulikuwa tumechora ule mchoro wa mfupa wa samaki wa Mjapani Kaoru Ishikawa: kichwa ni tatizo, miba ni sababu. Mimi nilimchora mgebuka, samaki wa Ziwa Tanganyika, kwa heshima ya nyumbani, na kwenye miba nikajaza niliyoyaamini: wazazi hawajui sheria, watoto hawapendi shule, simu hazipokelewi. Mazungumzo yalipokwisha, miba miwili kati ya ile mitatu ilikuwa ya kutupa.

Basi la shule linapita saa kumi na mbili na dakika thelathini na tano asubuhi. Akina mama wengi wanafanya zamu ya usiku, maghalani na viwandani, na aliye wa kwanza kufika nyumbani anafika basi limeshapita. Mtoto anajiamsha mwenyewe, anaamsha wadogo zake, akichelewa dakika tatu ndiyo basi, hakuna usafiri mwingine. Halafu kuna mabinti wakubwa. Hawa walikosa siku nzimanzima kwa kuwa walikuwa hospitali, wakimtafsiria mama au mdogo wao. Sheria ya haki za raia ya mwaka 1964 inazitaka hospitali na shule zinazopokea fedha za serikali kuu zimpe asiyejua Kiingereza mkalimani bila malipo, lakini haki isiyojulikana haimpeleki mtu popote. Mama mmoja aliniambia bintiye ndiye "mdomo wa nyumba". Binti mwenyewe ana miaka kumi na mitano.

Na zile simu zisizopokelewa? Mashine yetu ilikuwa inapiga saa tatu asubuhi, kwa Kiingereza, kwa mtu aliyelala muda si mrefu.

Jaribio la kwanza likashindwa, kwa kosa langu. Tuliacha ile mashine, msaidizi wetu anayejua Kiswahili akawa anapiga mwenyewe. Lugha tumebadilisha, saa tumeiacha ileile ya saa tatu! Wiki nne nzima tuliamsha watu kwa Kiswahili kizuri. Awamu ya pili tukahamishia simu saa tisa na nusu alasiri, kabla mama hajatoka kwenda kazini, na habari ikawa ya kesho: nani ataamsha nani, kuna miadi ya hospitali? Awamu ya tatu tukachapa vikadi vidogo, upande mmoja Kiingereza na mwingine Kiswahili, vinavyosema mwenye kadi anaomba mkalimani. Hadi mwisho wa muhula, kati ya wale 31, kumi na mmoja walikuwa wameshuka chini ya mstari wa asilimia 10. Nilitaka kuandika kwamba simu ndizo zilizowashusha. Msimamizi akazungushia sentensi hiyo wino mwekundu. Huenda ni kadi, huenda ni majira ya kuchipua na asubuhi zimekuwa na mwanga. Sentensi ikatoka. Bado inaniuma kidogo.

Siku ya kutetea tasnifu ilikuwa Aprili, saa nne asubuhi yetu, saa kumi na moja jioni ya Ujiji. Mama yangu alikuwa kwenye simu na majirani watatu. Hakuelewa neno hata moja, lakini mjumbe mmoja aliponibana swali refu nilimsikia akisema, "Huyo anamsumbua nini mwanangu?" Nikazima sauti ya upande wao. Nilipita, na marekebisho madogo.

Niliwaahidi wale akina mama kwamba nitawaeleza nilichokipata, na kurasa 160 za Kiingereza si maelezo. Nikarekodi muhtasari wa dakika nane kwa sauti, Kiswahili cha mezani, mkalimani akausambaza. Nilingoja pongezi. Siku ya tatu likaja jibu moja, sauti ya yule mama wa Fizi, na nyuma yake sufuria zinagongana. "Madamu, nimesikia yote. Iko muzuri. Ila umesema mi nafikaka ku nyumba saa mbili kasoro robo. Hapana. Mi nafikaka saa moja na robo."

Nikafungua rekodi ya mazungumzo yetu. Kweli, alisema saa moja na robo. Tasnifu ilikuwa imeshapokelewa maktaba ya chuo, na huwa hawaruhusu kubadilisha kitu. Iko pale hadi leo, ukurasa wa 87, mama wa watu amechelewa nyumbani nusu saa nzima.