Gia ya tano jamani!!

Leo pikapu yangu, Chevrolet C10 ya 1972, imetoka gereji na giaboksi nyingine.

Ile ya zamani, SM465, ni chuma kweli, namba moja yake ni 6.55 kwa 1 (injini mizunguko 6.55, propela mmoja) yani unang'oa kisiki nayo, ila gia nne tu na ya mwisho ni 1 kwa 1, kwa hiyo ukigusa 100 haiwei injini inalia mpaka hamsikilizani. Tumefunga NV3500 ya gia tano, propela (shafti ya kupeleka nguvu nyuma) ikabidi ipimwe upya.

Sasa bwana, nikatia tano (0.73 kwa 1), mshale wa mizunguko ya injini ukashuka toka 3000 hadi kama 2200 hivi, spidi ileile!

Kumbe dirisha langu linapitisha upepo, sikuwahi kuusikia 😂

Mliofunga NV3500, mnaweka oili gani?