Kupiga kasia kwa kundi: anayepanga mwendo ni wa nyuma

Safari za klabu haziharibiwi sana na mawimbi. Huharibiwa na watu wawili watatu wenye nguvu wanaotangulia mbele, na mtu mmoja nyuma anayeona aibu kusema amechoka.

Anza na hesabu ya mwendo. Kundi mchanganyiko la watu 8 hivi, wengine kwenye kayaki (vyombo vyembamba vilivyofunikwa juu, vyenye tundu la kukalia), wengine kwenye mitumbwi, huenda kama kilomita 4 kwa saa maji yakiwa yametulia. Ukiingiza mapumziko na kule kusubiriana, weka 3. Kwa hiyo kilomita 12 ni shughuli ya saa nne, hata kama yule anayepiga kasia peke yake kila jioni atakuapia kwamba ni saa mbili na robo.

Sasa tazama kinachotokea kwenye mapumziko. Wa mbele wanafika, wanakunywa maji, wananyoosha miguu kwa dakika 10. Wa mwisho anapoingia tu, wao wameshapoa, wanashika makasia na kuondoka. Aliyechoka kuliko wote ndiye pekee ambaye hakupumzika, na kituo kinachofuata atachelewa zaidi. Tiba ni kuanza kuhesabu mapumziko tangu wa mwisho afike, na yeye ndiye atoe ruhusa ya kuondoka. Atasema yuko tayari kabla hajawa tayari, basi mwongezeeni dakika mbili.

Mpangilio wenyewe si mgumu. Mbele akae anayeijua njia na anayeweza kuzuia kasi, na asipitwe na mtu. Nyuma kabisa akae mzoefu mwenye kamba ya kuvutia na anayejua kuokoa, naye asiache mtu nyuma yake. Wanagenzi wakae katikati, karibu na mbele kuliko nyuma. Kiongozi hana sababu ya kuganda mahali pamoja, akae anapoweza kuwaona wote. Kipimo cha umbali ni sauti: ukiita bila kupiga kelele na mwenzako hasikii, mmeachana mno. Mawimbi yakiwa yanatoka nyuma, hapo ongezeni nafasi kati ya chombo na chombo, kwa sababu kayaki iliyobebwa na wimbi haina breki na omo yake, yaani ncha ya mbele, inaweza kumpiga mtu mgongoni.

Upepo unaodanganya ni ule unaovuma kutoka nchi kavu. Ufukweni maji yanakuwa laini kwa sababu upepo haujapata nafasi ya kuyainua. Kadiri unavyosogea nje ndivyo mawimbi yanavyokua, na kurudi ni kupambana nao uso kwa uso. Palipo na hiari, anzeni safari kwa kuukabili upepo, uwasukume wakati wa kurudi. Upepo ukifika kilomita 20 kwa saa, mwanagenzi anaanza kushindwa kushika njia, kwa kuwa kayaki inayotembea hupenda kugeuza omo kuelekea upepo unaotoka ubavuni. Omo imebanwa na maji inayoyakata, tezi, yaani ncha ya nyuma, imelegea, upepo unaisukuma. Teremsha pezi la chini (bapa dogo linaloshushwa majini upande wa tezi) kidogo kidogo mpaka chombo kinyooke, au sogeza mzigo nyuma kiasi. Kwenye mtumbwi wa watu wawili unaoenda dhidi ya upepo, fanya kinyume: sogeza mzigo mbele, maana omo iliyoinuka ndiyo inayodakwa na upepo.

Baharini ongeza hesabu ya maji kujaa na kupwa. Gawanya kimo chote ambacho maji hupanda au kushuka katika sehemu 12: saa ya kwanza hupita sehemu 1, ya pili 2, ya tatu 3, ya nne 3, ya tano 2, ya sita 1. Ni makadirio tu, lakini yanaonyesha kwamba nusu ya maji hupita ndani ya saa mbili za katikati. Mlango mwembamba wa bahari usivukwe saa hizo, hasa wakati wa bamvua, maji yanapojaa na kupwa kuliko kawaida.

Jaketi okozi huvaliwa, haliwekwi chini ya kiti. Kulipima, lifunge kisha mwenzako alivute juu kwenye mabega. Likifika masikioni ni kubwa au limelegea. Majaketi ya wapiga kasia kwa kawaida ni ya nyutoni 50 (kipimo cha nguvu ya kuelesha): yanamwelesha mtu mwenye fahamu, lakini hayamgeuzi aliyezimia uso uangalie juu. Maji yaliyo chini ya nyuzi 15 humfanya mtu avute pumzi ghafla bila kupenda, na kichwa kikiwa chini ya maji atavuta maji. Vaeni kwa kufuata baridi ya maji, hata jua likiwa kali.

Ishara zikubaliwe ufukweni, kwa sababu klabu hazifanani. Zilizozoeleka ni kasia wima kwa maana ya njooni, kasia la kulala juu ya kichwa kwa maana ya simameni, na filimbi tatu ndefu kwa hatari. Ukielekeza kwa mkono, onyesha njia salama tu. Ukionyesha mwamba, atatokea mtu aufuate.

Kayaki ikipinduka, aliye majini ashike chombo na kasia lake. Mwokoaji aende kwenye omo ya kile kilichopinduka, vyombo vikae kama herufi T, kisha aipandishe omo juu ya sitaha yake chombo kikiwa bado kifudifudi. Maji yatamwagika kupitia tundu la kukalia. Subiri sekunde chache yaishe, kigeuze, kiweke sambamba na chako, omo kwa tezi. Kayaki isiyo na ukuta wa ndani nyuma ya kiti itabaki na maji tezini, kwa hiyo pampu iwe karibu. Hapa ndipo wengi wanapokosea: mwokoaji anashika ukingo kwa mkono mmoja. Alalie kile chombo kwa kifua na mikono yote miwili. Aliye majini apige miguu mpaka ielee, ajivute kwa tumbo juu ya sitaha ya nyuma, aingize miguu tunduni, kisha ajigeuze akimwelekea mwokoaji. Sketi ya kuzuia maji (kitambaa cha kiunoni kinachoziba tundu la kukalia) ikifungwa tena, kitanzi chake kibaki nje, la sivyo hatakuwa na pa kuvuta akipinduka mara ya pili.

Mtumbwi uliojaa maji ni mamia ya kilo, usijaribu kuuinua ukiwa umekaa sawa. Ugeuze kifudifudi kwanza, kisha uvute juu ya kingo za mtumbwi wa pili.

Kamba ya kuvutia iwe ya mita 10 hadi 15. Ikiwa fupi, chombo kinachovutwa kitakugonga wimbi likitoka nyuma. Mkanda wake uvaliwe juu ya jaketi, kifungo cha kufungua haraka kikiwa mbele. Kifungueni mara moja kabla ya kila safari mkiwa bado nchi kavu, kwa mkono uliolowa, maana mchanga ukiingia humo kinakwama.