Nilivyojifunza kuwa mzee wa kawaida baada ya kuacha kisu

Kwenye harusi ya mtoto wa jirani, kijana alipita na birika na beseni kutunawisha kabla ya pilau. Nikanawa. Nikasugua kucha, nikaingia katikati ya vidole, nikapanda mpaka kwenye viwiko, kisha nikainua mikono juu maji yachuruzike, nikabaki hivyo hivyo nikisubiri mtu anikaushe. Mstari mzima nyuma yangu umesimama. Kijana akaniuliza kwa adabu: "Mzee, umemaliza au unaomba dua?"

Nilikuwa mstaafu mpya. Maisha yangu ya kazi yote nimeyaishi mahali ambapo ukinyoosha mkono bila kuangalia, mkasi unakujia. Nyumbani ukinyoosha mkono bila kuangalia, Mama Zuhura anakuwekea kitunguu. "Menya."

Watu hudhani mpasuaji akistaafu anateswa na kukosa kazi. Wapi! Kinachomtesa ni kujibiwa. Mgonjwa wetu nusu kaputi ikishamchukua, hana la kusema. Intani, daktari aliye mazoezini, ndiyo kabisa, anaitikia hata ambacho hajakisikia. Ndani ya tieta, chumba cha upasuaji, waliokuwa wakinijibu ni wawili tu. Wa kwanza sista mkuu, ambaye akikuona umegusa kitambaa kisafi kwa kiwiko anakutoa nje kama mwizi wa kuku, uwe bingwa usiwe bingwa. Wa pili mtu wa usingizi, mwenye dawa ya kumlaza mgonjwa. Huyo tuligombana miaka na miaka kwa maneno yale yale: mimi nasema tumbo limekaza, mwongezee dawa, yeye anasema dawa inatosha, wewe ndiye umechelewa. Na kweli tulikuwa tunachelewa. Mpasuaji akisema nusu saa, mwenye akili anakwenda kula. Mke wangu hesabu hiyo anaijua. Nikimwambia natoka nusu saa, chakula changu anakifungia kwenye hotpoti.

Dawa niliipata kijiweni. Hapa Tanga tupo wastaafu wa kisu wachache: mmoja wa mifupa, mmoja wa njia ya mkojo, na mimi wa tumbo na chochote kilicholetwa usiku. Baada ya alasiri tunakaa kwenye benchi la muuza kahawa, Ngamiani. Mwanzoni palikuwa hapakaliki. Kila mtu anasimulia alivyomrudisha fulani kutoka mlangoni kwa Israili, na mwenzake anasubiri amalize ili aeleze wa kwake aliyekuwa mahututi zaidi. Muuza kahawa akachoka, akatunga sheria: hadithi ambayo msimuliaji ndiye shujaa inalipiwa, kahawa ya benchi zima na kashata juu. Hadithi ambayo msimuliaji anachekwa ni bure.

Wa mifupa nusura afilisike. Ilimchukua muda kugundua kwamba ana hazina ya bure nyumbani kwake: kigoda cha mkewe alichokitengeneza mwenyewe, kwa skrubu na upimaji wa kitaalamu, na mpaka leo kinachechemea. Tukamuuliza kama amekipiga eksirei. Akasema mkewe anataka rufaa kwa fundi seremala.

Lakini hazina yetu kubwa ni mabusha. Mwanamume wa Pwani haji hospitali na busha. Anakuja kumuulizia rafiki yake. Unamsikiliza mpaka mwisho, unamwambia mlete huyo rafiki, naye anainuka, anakomea mlango na kuanza kufungua msuli. Mmoja baada ya kupasuliwa alitaka kuyaona maji yaliyotoka. Nikaagiza aletewe chombo, zaidi ya lita mbili. Akayatazama kwa uchungu: "Na madafu yote yale niliyojinyima!" Maana mjini imani ni kwamba madafu ndiyo yanaleta busha, kumbe mkosaji ni mbu, anayesambaza vijiminyoo vya matende. Dawa za kingatiba kwa jamii nzima zilianza kugawiwa mwaka 2000 kule Mafia, baadaye zikafika kwetu. Yote hayo wa mkojo ameyafundisha kwa miaka, na bado sijawahi kumwona akinywa dafu hadharani.

Hivyo ndivyo nilivyozoea kuchekwa. Kujibiwa kulingoja mpaka nilipopata mshipa wa ngiri.

Kijana aliyekuja kunipasua nilimfundisha mimi kushika kisu. Nimelala, nimevalishwa gauni lisilo na mgongo, akanisalimu. "Shikamoo, mzee. Naomba unitajie jina lako kamili." Nikamwambia jina langu unalijua. "Nalijua, mzee. Jina lako kamili?" Nikataja. Leo tunafanya nini? Upande gani? Akachora alama kwa kalamu kwenye kinena cha kulia, kisha mmoja mmoja chumbani akasema jina lake na kazi yake. Hiyo ni orodha ya usalama wa upasuaji iliyotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2008. Ilijaribiwa katika hospitali nane duniani, mojawapo Ifakara, hapa hapa nchini, na matokeo ya Januari 2009 yalionyesha vifo vya waliopasuliwa vimeshuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Sisi wazee wa kisu tuliicheka, hasa pale pa kujitambulisha. Umefanya kazi na sista mpaka anajua unakoroma vipi, leo umwambie unaitwa nani! Ila ukiwa wewe ndiye uliyelazwa chini ya taa, kusikia wanajua ni upande wa kulia kunapendeza sana.

Nilichomwa sindano ya mgongo, kwa hiyo kiuno kushuka chini kimelala na mdomo uko macho. Nikaanza kuwaelekeza. Hapo vuta kidogo. Uzi huo mnene. Mbona koleo hilo silisikii likifunga? Mtu wa usingizi, binti mdogo mpole, akainama karibu na sikio langu. "Babu, nikuongezee dawa au utanyamaza?"

Nikanyamaza.

Nilipopata nafuu nikaipeleka hadithi kijiweni nikijua ni ya bure. Wa mifupa akapinga. Wa mkojo akasema binti ndiye shujaa, msimuliaji amechekwa, kesi imekwisha. Ikabidi muuza kahawa aamue. Akafikiri huku akigonganisha vikombe, akasema mtu aliyelala chali, kiuno kimekufa, na bado anawapangia wapasuaji kazi, huyo amejiona shujaa. Nikalipa, na kashata juu.