Nge Husikia kwa Miguu

Mtu akimtaja nge, kinachomjia akilini kwanza ni mkia. Ana haki, kwa kuwa mkia huo ndio unaotudhuru sisi binadamu. Lakini kwa nge mwenyewe ni silaha ya mwisho, na mara nyingi hamalizi windo kwa mwiba kabisa. Sehemu ngumu zaidi ya uwindaji huwa imekwisha kabla mkia haujainuliwa, na hufanywa na miguu yake minane. Ninasikitika kwamba jambo hili halisemwi sana, maana kwangu ndilo linalomfanya nge astahili kutazamwa kwa makini na si kwa hofu peke yake.

Macho yake hayatatuchukua muda. Anayo mawili juu ya sehemu ya mbele ya mgongo, na mengine madogo pembeni, na yote kwa jumla ni hodari wa kutambua mwanga hafifu kuliko umbo la mdudu. Masikio kama tuyajuavyo hana. Hata hivyo, katika giza totoro anaweza kumfuata mende aliyejifukia chini ya mchanga, akamfukua na kumla.

Aliyetupatia maelezo ya kuaminika kuhusu jambo hili ni mwanabiolojia Philip Brownell, aliyewachunguza nge wa mchangani katika jangwa la Mojave, nchini Marekani, na kuchapisha matokeo yake mwaka 1977. Aliona kwamba nondo akipigapiga mbawa hewani karibu kabisa na nge, nge hashughuliki naye. Nondo huyohuyo akigusa mchanga tu, anarukiwa. Kwa hiyo habari ilikuwa ikipita ardhini. Mchanga mkavu na uliolegea hudhaniwa kuwa humeza kila mtetemo, lakini vipimo vilionyesha kuwa husafirisha mawimbi ya aina mbili: moja hupenya ndani kwa kasi zaidi, na jingine hutambaa juu ya uso wa mchanga kwa kasi ya takriban mita 50 kwa sekunde. Kasi hiyo ni ndogo mno ikilinganishwa na ile ya mawimbi yapitayo kwenye mwamba, na huo upole ndio unaomfaa nge.

Anapokuwa tayari kuwinda, nge huyo huitandaza miguu yake ikafanya duara lenye upana wa sentimita 5 hivi. Karibu na wayo wa kila mguu, kwenye gamba lake gumu, mna nyufa nyembamba zilizounganishwa na mishipa ya fahamu. Wimbi la juu ya mchanga likipita, nyufa hizo hubanwa kidogo sana, na mshipa hupeleka taarifa. Vinywele vya chini ya wayo navyo hupokea lile wimbi la kasi. Sasa piga hesabu: wimbi la mita 50 kwa sekunde huvuka duara la sentimita 5 kwa milisekunde 1, kwa hiyo mguu ulio karibu na mdudu hupata habari mapema kidogo kuliko ule wa upande wa pili, na tofauti hiyo ndiyo inayomwambia nge ageukie wapi. Ili kuhakikisha, nge alisimamishwa juu ya vibao viwili, miguu ya kushoto huku na ya kulia kule, kisha vibao vikatetemeshwa kwa kupishana kidogo. Aligeukia upande uliotangulia hata pale tofauti ilipokuwa milisekunde 0.2 tu. Sijui kipimo kingine cha kiumbe mdogo kinachonistaajabisha kama hicho.

Mende akijisogeza, nge hugeuka ghafla na kupiga hatua chache, kisha hutulia tuli, magando yakiwa wazi mbele, akingoja mende ajitikise tena. Kila mtikisiko humrekebishia mwelekeo. Akikaribia sana, kazi hukabidhiwa vinywele virefu vya magandoni, ambavyo huinama kwa msukumo mdogo kabisa wa hewa. Tumboni ana pia viungo viwili vyenye umbo la kitana, ambavyo hugusa ardhi na kuonja kilichopita hapo.

Kisha magando hufunga. Kwa kawaida, ingawa si kwa kila spishi, mwenye magando manene hutegemea nguvu zake, na mwenye magando membamba hutegemea sumu. Nge mkubwa mweusi wa misitu ya Afrika Magharibi, Pandinus imperator, akiwa mtu mzima huponda windo lake na ni nadra kulichoma. Hata wale wenye sumu kali hawaimwagi ovyo, kwa kuwa kuitengeneza upya hugharimu mwili nguvu nyingi. Mwaka 2003 watafiti walieleza kwamba Parabuthus transvaalicus wa kusini mwa Afrika hutoa kwanza majimaji maangavu yenye chumvi nyingi ya potasiamu, yanayotosha kuleta maumivu na kumpoozesha mdudu. Ile sumu nzito yenye protini hufuata mchomo ukiendelea. Naona hapo ubanaji wa matumizi uliopangwa vizuri kuliko ukatili tunaomsingizia.

Kula nako hakuna haraka. Vibano viwili vifupi vilivyo mbele ya mdomo hurarua windo vipande vipande, huku vimeng'enya vikimiminwa juu yake mpaka nyama iyeyuke, kwa sababu nge humeza vitu vya majimaji tu. Magamba na mabaki mengine hukusanywa yakawa donge, kisha hutupwa. Shughuli hiyo huweza kuchukua saa kadhaa. Mwili wake hutumia nguvu kidogo kiasi kwamba, baada ya mlo mmoja mzuri, baadhi ya spishi huweza kukaa miezi mingi bila kukamata kitu kingine.